ULIZA ANTI: Tucson, mji wa jangwani, twende mwezi gani?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu mji wa Tucson kule Arizona, Marekani, nikasema ni mji wa jangwani ambao karibu kila msimu una sherehe yake, basi barua zikamiminika mpaka nikashindwa kujibu mojamoja. Nimechagua chache ambazo naona zinabeba maswali ya wengi. Ila kabla hatujaanza niwatoe kwenye picha moja, jangwa la Sonora sio mchanga mtupu na ngamia, ni milima na vichaka na ile mimea ya miba mirefu kupita paa la nyumba, yenye mikono, inaitwa saguaro, na mvua inanyesha misimu miwili kwa mwaka, kwenye joto na kwenye baridi. Mpaka wa Mexico uko kama kilomita 100 tu kusini, na mpaka miaka ya 1850 mji wenyewe ulikuwa Mexico, kwahiyo ukikuta sherehe nyingi zina Kihispania ndani yake ndo asili yake hiyo.

*Shikamoo Anti. Mimi ni dalali wa madini hapa Arusha, nafanya sana Tanzanite na tsavorite kidogo. Kila mwaka Januari ikifika naskia mabosi wanaenda Tusoni, wakirudi stori ni Tusoni. Hivi Tusoni ni kitu gani hasa, na mtu mdogo kama mimi anaweza kwenda akauza mzigo wake? – Dalali, Arusha*

Marahaba mdogo wangu. Hiyo Tusoni unayoisikia sio duka wala sio soko moja, ni huo huo mji wa Tucson, mji mzima unageuka kuwa soko la mawe ya vito. Ilianza 1955, chama cha wapenda mawe wa pale mjini kilifanya maonyesho kwenye shule ya msingi, kiingilio bure, ikawa inakua mwaka hadi mwaka mpaka wakahamia ukumbi mkubwa wa mikutano wa mji, na wafanyabiashara nao wakaanza kuwahi kabla ya siku wanauzia kwenye vyumba vya hoteli. Tabia hiyo ipo mpaka leo, unapita kwenye moteli ya kawaida kando ya barabara kuu ya I-10 unakuta milango iko wazi, kitanda kimetolewa, kaunta za vioo zimepangwa na taa juu yake, na mwenye chumba anakukaribisha ndani. Siku hizi yanafanyika maonyesho zaidi ya 40 kwa pamoja, mengine hotelini, mengine kwenye mahema marefu meupe, kuanzia mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari, na yale ya chama chenyewe ndo yanafunga kazi wikiendi ya pili ya Februari.

Sasa lazima ujue milango iko ya aina mbili. Kuna maonyesho ya watu wote, unaingia bure au kwa kiingilio, unaangalia, unanunua jiwe moja ukitaka. Halafu kuna ya jumla, haya bila leseni ya biashara na karatasi za kuthibitisha kwamba wewe uko kwenye hii kazi hupiti mlangoni hata uombe vipi, na yale ya mawe yaliyokatwa ya hali ya juu ya chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani, AGTA, ni ya namna hiyo. Kwahiyo mtu akikwambia "twende tu tutaingia" muulize kwa karatasi gani.

Kuhusu kuuza mzigo wako, hapa nisikilize vizuri. Usibebe mawe kwenye begi ukategemea bahati. Huku Tanzania mzigo unatoka kwa kibali, unaanzia Tume ya Madini, kule Marekani unatangaza forodhani, na viza ya kutembelea maonyesho haikupi ruhusa ya kufungua kaunta na kuuza, hayo waulize ubalozini kabla hujalipa chochote kwasababu masharti ya viza kwa Watanzania yamebadilika sana na yanaweza kubadilika tena. Ushauri wangu wa kweli, safari ya kwanza nenda bila mzigo. Nenda ukaone bei, ukaone mawe ya Mererani yanauzwaje yakishakatwa vizuri, maana tofauti ya jiwe lililokatwa ovyo na lililokatwa na fundi anayejua ndo hela yenyewe hiyo. Na utaona kitu ambacho wewe tayari unakijua lakini wateja wengi wa kule hawakijui: mnunuzi mzoefu akishafungua ile karatasi nyeupe iliyokunjwa, akashika jiwe kwa kibano na kuliangalia kwa lupu, kile kioo cha kukuza, hamalizani na wewe hapohapo, anaomba atoke nalo nje ya hema, kwasababu Tanzanite chini ya taa ya manjano inavuta zambarau na kwenye jua inarudi bluu, na asiyetoka nje analipia rangi ya balbu.

Halafu kuna jambo vijana wengi wa Arusha na Mererani hawajaambiwa. Novemba 2001, baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani, gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba Tanzanite inawapa pesa Al-Qaeda, na wauzaji wakubwa kama Tiffany na QVC wakasimamisha kuiuza, bei ikaanguka, na waliolala njaa ni wachimbaji wadogo ambao hawakuhusika na lolote. Februari 2002 wawakilishi wa serikali ya Tanzania na wa sekta ya madini walikutana na Wamarekani hapohapo Tucson wakati wa maonyesho, upande wa serikali ya Marekani ukasema haujaona ushahidi wa jambo hilo kuendelea, na ikasainiwa makubaliano ya kufuatilia jiwe linatoka wapi na linapita kwa nani, yanaitwa kwa jina la mji huo. Kwahiyo Tusoni kwetu sio mahali pa mabosi kwenda kutembea tu, heshima ya jiwe letu ilipiganiwa pale, na mimi natamani siku moja kaunta nyingi za Tanzanite pale ziwe za Watanzania wenyewe.

*Salamu sana dada. Sisi ni familia ya Wakongo ya watu sita, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma na sasa tunaishi Phoenix. Watoto wanasema Tucson kuna sherehe nzuri lakini pesa ni kidogo. Kuna ya bure? – Baba wa watoto wanne, Phoenix*

Salamu kaka, karibuni sana, na nyie mna bahati maana kutoka Phoenix ni kilomita 180 hivi, chini ya masaa mawili kwa gari, mnaenda asubuhi mnarudi usiku, hoteli hamlipi.

Za bure zipo na ndo nzuri kuliko za kulipia kwa maoni yangu. Ya kwanza ni Tucson Meet Yourself, inafanyika Oktoba, siku tatu katikati ya mji, ilianzishwa 1974 na Jim Griffith, mtaalamu wa mila za watu wa kawaida, marehemu sasa, yeye alitaka kila jamii inayoishi pale isimame ipike chakula chake, icheze ngoma yake, ionyeshe kazi ya mikono yake, bila kugeuzwa kuwa kituko cha watalii. Kwahiyo unakuta Wameksiko, Watohono O'odham ambao ndo wenyeji wa ardhi ile tangu zamani, Wafilipino, Wagiriki, na jamii za wakimbizi waliohamia miaka ya karibuni. Kuingia bure ila chakula mnanunua, na harufu ya nyama za kuchoma inafika mbali kwahiyo watoto wale kidogo nyumbani kwanza. Nenda nao, na wewe na wenzako muulize kwa waandaaji jinsi jamii inavyopata nafasi ya kupika au kuimba, kwasababu kwaya za Wakongo ninavyozijua mimi zinastahili jukwaa.

Ya pili ni tamasha la vitabu, Machi, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Arizona, lilianza 2009, watu zaidi ya 100,000 kwa wikiendi moja na hakuna anayelipa mlangoni. Usiogope neno vitabu ukadhani watoto watachoka, kuna sehemu kubwa yao ya hadithi na michezo, na kuna eneo la sayansi wanashika vitu kwa mikono yao wenyewe.

Rodeo je, yale mashindano ya wachunga ng'ombe wa kupanda farasi? Hiyo ni mwisho wa Februari, wenyewe wanaiita La Fiesta de los Vaqueros, ipo tangu 1925, na mji unaichukulia kwa uzito mpaka shule zinafungwa Alhamisi na Ijumaa ya wiki hiyo. Ndani ya uwanja ni tiketi, ila Alhamisi kuna gwaride barabarani, mkisimama pembeni ni bure, na uzuri wa gwaride lile hakuna injini hata moja, ni farasi, nyumbu, na magari ya kukokotwa ya zamani, yamepakwa rangi yanang'aa. Ndani ya uwanja watoto wadogo wanapandishwa juu ya kondoo, wamevaa helmeti, kondoo anakimbia na mtoto anang'ang'ania manyoya mpaka anadondoka, watoto wenu watacheka siku nzima. Ukiwa ni mtu usiyependa kuona ndama anakamatwa kwa kamba basi baki kwenye gwaride, hutakosa kitu.

*Habari Anti. Niko chuo hapa Arizona, kwetu ni Kisumu. Wenzangu darasani wananiambia Novemba twende Tucson kwa maandamano ya wafu, watu wanajipaka nyuso wanafanana na mafuvu. Mamangu alifariki mwaka jana nikiwa huku na sikuweza kwenda mazishi. Moyo unataka kwenda, lakini dadangu mkubwa aliye nyumbani anasema hayo ni mambo ya mizimu nisijiingize. Niende ama nisiende? – Mwanafunzi*

Pole sana mwanangu. Kufiwa ukiwa mbali ni msiba mara mbili, wenzako wanalala matanga, wanalia pamoja, wanapika, wanakumbushana, na wewe uko chumbani peke yako na simu mkononi na kesho yake una mtihani. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Nikueleze kinachofanyika pale ili na dada yako umweleze vizuri, na umweleze kwa heshima maana hofu yake ni ya upendo. Hayo maandamano yanaitwa All Souls Procession. Yalianza 1990, msanii mmoja wa pale Tucson, Susan Johnson, alifiwa na baba yake, akatafuta namna ya kuomboleza kwa njia anayoijua yeye, ya sanaa, akavutiwa na Siku ya Wafu ya Wameksiko ambapo familia zinawakumbuka marehemu wao kwa maua na mishumaa na chakula. Walianza wachache tu. Leo wanatembea na kutazama watu zaidi ya 100,000, Jumapili jioni mwanzoni mwa Novemba, na hakuna tiketi. Hakuna anayeita roho, hakuna kafara, hakuna mganga, na wala sio ibada ya dini yoyote, wapo Wakristo, Wayahudi, wasio na dini, kila mtu amekuja na mtu wake.

Utakachoona ni hiki: mama amebeba picha kubwa ya mtoto wake kwenye fremu, vijana wamevaa fulana zenye sura ya rafiki yao aliyekufa kwa ajali, mzee anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na picha ya mkewe magotini, wengine wanapiga ngoma, wengine wako kimya kabisa. Kuna chombo kikubwa kinatembezwa katikati ya watu, unaandika jina au maneno yako kwenye karatasi unatumbukiza, ikifika mwisho chombo kinainuliwa juu na kuchomwa moto kikiwa na karatasi zote ndani. Kujipaka uso ni hiari. Wewe kama hutaki usijipake, nenda na uso wako.

Kwahiyo mimi nasema nenda, ila usiende peke yako, chukua mwenzako mmoja unayeweza kulia mbele yake bila aibu. Printi picha ya mama, sio ya kwenye simu, picha ya kushika. Vaa viatu vya kutembelea na koti maana usiku wa Novemba jangwani baridi inashuka haraka jua likizama. Na dada yako mshirikishe, Arizona iko nyuma ya Kenya kwa masaa 10 mwaka mzima kwasababu wao hawabadilishi saa, kwahiyo mkianza kutembea saa 12 jioni kwenu ni saa 10 alfajiri ya Jumatatu, mwombe aamke umpigie kwa video aone mwenyewe unachofanya, na akitaka akusomee jina la mtu wa kuandika kwenye ile karatasi, bibi, mjomba, yeyote. Baada ya kuona akiendelea kusema imani yake inakataa, muheshimu, wewe simama pembeni ya barabara na picha yako, hakuna atakayekuuliza kwanini huandiki.

Na kwa wasomaji wengine mnaotaka kwenda kuangalia tu, naomba sana, ile sio Halloween. Msimwekee mtu simu usoni wakati analia.

*Assalaam alaykum dada. Napiga picha za utamaduni, naishi Muscat. Nimesoma kwamba wakati wa Pasaka Tucson kuna Wahindi Wekundu wanacheza ngoma ya kulungu. Niombe kibali wapi cha kupiga? – Mpiga picha*

Waalaykum salaam kaka. Hakuna kibali, usiombe. Hao ni Wayaqui, na jina lao hilo ndo utumie, hilo la kwako wengi wao hawalipendi. Walikimbia kutoka Sonora upande wa Mexico mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kwasababu serikali ya kule ilikuwa inawaua na kuwahamisha kwa nguvu, na walipofika Arizona walikaa miaka mingi kabla ya serikali ya Marekani kuwatambua rasmi kama taifa lao, hiyo ni 1978. Ibada zao za Kwaresima ni Ukatoliki uliochanganyika na mila yao ya kale, na kipindi chote kile ni nadhiri, mtu anatimiza ahadi aliyomuahidi Mungu. Jumamosi Kuu wale waliovaa vinyago, wanaosimama upande wa uovu, wanashambulia kanisa na wanashindwa kwa kurushiwa maua, halafu vinyago vinachomwa moto. Wageni mnaruhusiwa kusimama na kutazama kwa adabu. Picha hapana, video hapana, kurekodi sauti hapana, hata kuchora kwa penseli hapana. Acha kamera hotelini kabisa maana ukiibeba mkono utawasha. Ukitaka kazi ya picha nenda kwenye gwaride la rodeo, utashiba.

*Anti mimi likizo yangu ni Julai tu. Nimeona hoteli za Tucson bei imeshuka sana, nikate tiketi? – Nesi, Dallas*

Bei imeshuka kwasababu ya joto mpenzi, Juni na Julai kupita nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na mgeni asiyejua anatoka saa sita mchana kupanda mlima na chupa moja ya maji, anarudishwa na helikopta. Lakini sikukatazi, maana kiangazi cha jangwa kina mambo yake. Kama unaweza kusogeza kidogo uwepo tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kuna sherehe ya Día de San Juan, maandamano, muziki, farasi, ni ya kuomba na kupokea mvua, wazee husimulia kwamba mvumbuzi Mhispania Coronado aliomba mvua siku hiyo mwaka 1540 ikanyesha.

Na kuna moja ninayoipenda kuliko zote ambayo haina tarehe. Bustani ya Tohono Chul ina mimea ya miba ambayo mwaka mzima unaiona ni vijiti vikavu, unaweza kudhani vimekufa, halafu usiku mmoja kati ya mwisho wa Mei na Julai maua meupe mapana yenye harufu nzito yanafunguka kwa pamoja, na asubuhi jua likipanda yamefunga basi. Wahudumu wanapima matumba ya maua kila siku, wakiona usiku wenyewe umefika wanatangaza siku hiyohiyo na milango inafunguliwa jioni, watu wanaacha chakula mezani wanakimbia. Ukiwa mjini fuatilia matangazo yao.

Julai yenyewe ndo mvua za masika ya kule zinaanza, mawingu yanajikusanya mchana, saa kumi jioni radi na ngurumo, kisha vile vichaka vinatoa harufu ambayo wenyeji wakiwa mbali ndo wanaikumbuka. Ila mito mikavu inajaa kwa dakika chache. Ukikuta barabara imewekewa kizuizi na maji yanapita juu yake usijaribu, Arizona wana sheria tangu 1995 kwamba ukizunguka kizuizi ukanasa, gharama za kuokolewa unaweza kulipishwa wewe.

Harakaharaka na wengine:

*Chakula kwa sisi Waislamu?* (Dada wa Kilwa, Houston) Tucson ilipewa na UNESCO hadhi ya mji wa mapishi 2015, ya kwanza Marekani, na utakula vizuri, maharage ya asili, mahindi, tortilla za ngano nyembamba kubwa kupita chapati zetu. Ila ile hot dog ya Sonora kila mtu atakayokusifia imezungushiwa bekoni ya nguruwe, na maharage mengine yanakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, uliza kabla hujaagiza.

*Mavazi ya Februari?* (wengi) Mchana shati moja linatosha, usiku jaketi la kweli, kuna alfajiri maji yanaganda. Kofia na krimu ya jua muda wote.

*Hoteli Februari tunapata?* (Mama na binti, Seattle) Wiki mbili za maonyesho ya mawe vyumba vinaisha na bei zinapaa mara dufu au zaidi, weka nafasi miezi mingi kabla au lala Phoenix uendeshe. Kama shida yako sio mawe, ruka kabisa, nenda Oktoba au mwanzo wa Novemba, hali ya hewa nzuri, sherehe za bure, na vyumba vipo.

*Usafiri mjini?* (Kaka wa Bujumbura, Boston) Kuna tramu inaitwa Sun Link, inatoka chuo kikuu inapita katikati ya mji mpaka upande wa magharibi ambako maandamano ya Novemba huishia jirani. Kwa sherehe za mjini inatosha, kwa Tohono Chul na uwanja wa rodeo chukua gari, ni mbali kwa miguu.